Pointi 7 za NECTA, Pointi 67 za Kanada

Poleni na shughuli za kutwa, ninyi wa Mwembesongo na Kichangani, wa Mji Mpya na Kihonda, na ninyi wa kule juu, Mgeta na Matombo, ambao mnatupata pale tu Uluguru unapotoa ruhusa.

Jioni moja ya wiki iliyopita nilikuwa kibarazani kwangu hapa Mwembesongo, Morogoro, wingu limeshaukalia mlima, akapita kijana wa jirani na bahasha ya kaki kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Bahasha hiyo ni ya kazi au ya kesi?"

"Ya Kanada, mzee," akasema, akacheka kidogo, kisha akavuta kigoda.

Jina lake nitalihifadhi. Ana miaka 29, hajaoa, ana shahada ya kwanza ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kwa miaka mitatu sasa ni bwana shamba wa kampuni moja inayouza mbegu. Bahasha ilikuwa na kila cheti alichopata tangu azaliwe, na katikati ya vyeti palikuwa na karatasi iliyochanwa daftarini. Aliyeiandika ni mtu wa maeneo ya stendi anayejitambulisha kuwa wakala wa safari za majuu. Maneno yenyewe machache: digrii pointi kidogo, masters pointi nyingi, soma masters kwanza. Chini yake kuna kiasi cha fedha, na nusu yake kijana alikuwa ameshalipa.

Alikuwa anataka kuacha kazi mwezi ujao arudi chuoni. Akaniomba shauri, maana watu wa mtaani hudhani mtu wa redio anajua kila kitu. Nikamwomba siku tatu. Mazungumzo ya leo ndiyo hizo siku tatu.

Tuanze na neno lenyewe, pointi. Mtoto wa Kitanzania hulijua kabla hajaota ndevu, lakini hulijua kichwa chini miguu juu. NECTA, Baraza letu la Mitihani lililoanzishwa mwaka 1973, huhesabu A kuwa 1 na F kuwa 5. Masomo saba bora yakijumlishwa, bingwa wa kidato cha nne ana pointi 7, na mwenye ziro ana 34 au 35. Kidato cha sita, bingwa ana 3. Jirani akikwambia mwanawe kapata wani ya saba huulizi saba ni nini, unauliza pilau saa ngapi. Tuliwahi kujaribu kuhesabu kwa GPA, wazazi wakachanganyikiwa, na mwaka 2016 serikali ikaturudishia madaraja yetu.

Kanada wanahesabu kwenda juu. Hilo dogo, mtu huzoea. Kubwa ni kwamba zile pointi zetu za NECTA, ambazo watoto wetu hukesha kwa ajili yake na wengine huzilia machozi, kule hazisomwi kabisa. Aliyemaliza kidato cha sita na wani ya tatu, na aliyemaliza na divisheni three, wakipita kwenye jedwali la elimu la Kanada hupewa pointi zilezile. Chuoni vilevile: aliyetoka na first class na aliyetoka kwa kuponea chupuchupu, digrii ni digrii. Wanachohesabu ni ngazi uliyofika. Ulivyopanda, kwa kukimbia au kwa kutambaa, hawaulizi. Nilipomweleza kijana hilo alinyamaza kidogo. Nadhani alikuwa anakumbuka alivyokesha kwa ajili ya mitihani pale SUA.

Jedwali hilo lina historia yake, na inatuhusu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kanada ilichagua wahamiaji kwa kuangalia wametoka nchi gani na ngozi yao ina rangi gani. Mtu wa Morogoro hakuwa na haja ya kujisumbua. Tarehe 1 Oktoba 1967 wakaanza kuhesabu pointi. Zilikuwa 100, mwenye 50 alipita, na elimu ilibeba hadi 20. Hesabu ya elimu ilikuwa nyepesi: mwaka mmoja wa shule, pointi moja. Darasa la nane, pointi nane.

Mwaka huohuo wa 1967, mwezi Machi, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia shule inayotukuza mitihani na kumtenga kijana na jamii yake. Basi huku Mwalimu anajaribu kukipunguzia cheti uzito, kule Ottawa wanakiweka kwenye mizani. Sisi tuliozaliwa miaka ile tumeishi tukivutwa na kamba zote mbili.

Na watu wa Afrika Mashariki waliionja mizani hiyo mapema. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, maofisa wa Kanada walikwenda Kampala wakiwa na jedwali la pointi, ila serikali yao iliwaruhusu kulilegeza kwa sababu ya dhiki iliyokuwapo. Kufikia mwanzoni mwa Novemba zaidi ya watu 4,000 walikuwa wameruka kwa ndege za kukodi. Kumbe jedwali hulegea mwenye nchi akitaka. Kijana wangu hana Amin anayemfukuza, kwa hiyo yeye halegezewi hata nusu pointi.

Sasa chukueni kalamu.

Kwa mtu anayeomba kama mfanyakazi mwenye ujuzi na hajawahi kufanya kazi Kanada, mlango wa kwanza ni pointi 67 kati ya 100. Elimu hubeba hadi 25, lugha hadi 28, uzoefu wa kazi hadi 15, umri hadi 12, kazi uliyokwisha kuahidiwa 10, na 10 nyingine ni za mambo yanayoonyesha kwamba utaizoea nchi, kama kuwa na ndugu kule.

Zile 25 za elimu zimegawanywa hivi. Sekondari 5. Cheti cha mwaka mmoja baada ya sekondari 15. Stashahada ya miaka miwili 19. Shahada ya kwanza, au kozi yoyote ya chuo ya miaka mitatu au zaidi, 21. Shahada ya uzamili 23. Uzamivu, ule unaokufanya uitwe daktari bila kudunga mtu sindano, 25.

Rudieni hapo. Kutoka digrii kwenda masters ni pointi 2.

Kijana ana 21 za elimu, 12 za umri, na kwa miaka yake mitatu ya ubwana shamba ana 11. Jumla 44. Ndugu Kanada hana, na kazi aliyoahidiwa hana. Kilichobaki ni Kiingereza. Mtihani wa IELTS alishaufanya, akapata 6 katika kila kipengele, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kwenye mpango huu, na kinampa 16. Jumla 60. Mlango umefungwa.

Mpeni masters anayoitaka. Inakuwa 62. Mlango bado umefungwa, miaka miwili imekwenda, na kazi aliiacha.

Mrudisheni kwenye digrii yake ileile, halafu mwongezeeni Kiingereza: apate 8 kusikiliza, na 7 katika vile vipengele vitatu vilivyobaki. Lugha inatoka 16 kwenda 24. Jumla 68. Mlango umefunguka, na pointi moja imebaki.

Kijana aliitazama ile karatasi kwa muda. "Mzee," akasema, "yule jamaa hakunitajia habari ya Kiingereza hata mara moja."

Angeitajaje? Kiingereza hakina kamisheni. Hakuna kishoka anayepata riziki kwa kukuambia kaa chini usome gazeti la Kiingereza kila siku kwa miezi sita.

Ukipita mlango huo hujaingia nyumbani bado, umeingia bwawani. Bwawa linaitwa Express Entry, limechimbwa Januari 2015, na humo waombaji hupangwa kwa pointi nyingine kabisa, kati ya 1,200. Kujiandikisha bwawani ni bure, liwekeni hilo akilini siku mtu atakapowaomba fedha za kuwaandikisha. Kwa asiye na mwenzi, shahada ya kwanza ina 120, uzamili 135, uzamivu 150. Umri ndio msumeno. Kuanzia miaka 20 hadi 29 una 110 kamili. Ukifika 30 unabaki na 105, ukifika 31 unabaki na 99, na kila siku ya kuzaliwa inaondoka na pointi zake hadi miaka 45, hapo ni sifuri. Kwa hiyo anayeanza masters akiwa na 29 na kumaliza akiwa na 31 hupewa pointi 15 kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa 11 kwa mkono wa kushoto.

Nisiwe mwongo, masters ina faida nyingine. Kuna kipengele kinachochanganya elimu na lugha, na mwenye masters ambaye pia ana Kiingereza kile cha juu huongezewa 25 zaidi ya mwenye digrii moja. Nimepiga hesabu yote: kijana akibaki na digrii, akakinoa Kiingereza, anafika 429. Akisoma masters na Kiingereza akakinoa, 458. Lakini wale wanaoitwa kwa sababu wameshafanya kazi Kanada, miaka hii ya karibuni huwa na zaidi ya 500. Awe na 458 au 429, atakuwa bwawani anatazama juu. Kinachomvua mtu ni kuteuliwa na jimbo moja la kule, maana hilo peke yake lina pointi 600, au kuwa na taaluma au lugha ambayo Kanada imeifungulia raundi yake maalumu.

Na lugha yenyewe ni Kifaransa. Februari 2024 waliitwa wanaojua Kifaransa, na pointi zikashuka hadi 336. Hebu fikirini: watoto wa Bukavu na Bujumbura, ambao Kiswahili chao tunakicheka, wanatupita wakiwa wamekaa. Kiswahili chenyewe, ambacho dunia nzima inakiadhimisha kila tarehe 7 Julai kwa tamko la UNESCO, katika jedwali hilo ni sifuri ya mviringo. Sina la kuongeza hapo, zaidi ya kusema kwamba mwalimu wa Kifaransa wa sekondari, yule ambaye wanafunzi humkimbia, ameshika kitu asichokijua.

Jambo dogo kabla sijasonga. Wanandoa wanapoomba pamoja, mmoja ndiye mwombaji mkuu na mwingine anafuata. Anatangulia mwenye pointi nyingi. Kama ni mke, mke. Waluguru ambao ukoo wao hupita kwa mama hawatashangaa. Nawapa pole akina baba wa makabila mengine.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba cheti kikishakuwa mkononi kinahesabiwa. Hakihesabiwi. Kiini cha habari ya leo kiko hapa.

Mnakumbuka uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017? Aprili mwaka ule, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Mitaa yote ilitikisika, hata hii yetu. Mtu alikuwa amefundisha au amehudumia wagonjwa miaka mingi, na kazi anaijua, lakini Baraza la Mitihani likasema jina hili na namba hii havipatani. Ndipo tulipojua kwamba cheti kina nusu mbili: nusu moja iko ukutani kwako, nusu nyingine iko kwenye kumbukumbu za aliyekitoa. Zisipolingana, ile ya ukutani ni pambo.

Kanada nao wana uhakiki wao, na wameukabidhi kwa taasisi chache zilizoteuliwa. Inayojulikana zaidi kwa Waafrika ni World Education Services. Taasisi hiyo hufanya kazi mbili. Kwanza huthibitisha kwamba cheti ni cha kweli na chuo kinatambuliwa nchini kwake. Kwetu hapo ndipo majina ya TCU na NACTVET, wasimamizi wa vyuo vyetu, yanapopata maana kwa mtu ambaye hakuwahi kuyajali. Pili hukilinganisha na elimu ya Kanada na kusema digrii hii ni sawa na kitu gani cha kwao. Pointi hutolewa kwa maneno ya ripoti hiyo. Kwenye cheti chako paweza kuandikwa chochote, ila kama ripoti imesema ni sawa na stashahada, wewe una stashahada.

Sharti linalowashinda wengi ni la transkripti. Hutakiwi kuituma wewe. Chuo chenyewe ndicho kinachotakiwa kuituma, kwa mtandao au katika bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri juu ya mfuniko. Sasa msikilizaji, mimi nimeshawahi kufuatilia karatasi katika ofisi moja ya wasajili, chuo sitakitaja, mhusika yuko kwenye semina, wiki ijayo mhusika yuko likizo, wiki ya tatu mtandao hakuna. Katika kufuatilia huko ndiko kishoka anakopata nafasi ya kusema, nipe mimi nitakufungia bahasha. Akikufungia yeye, ile nusu ya pili ya cheti imekufa. Ukikamatwa na karatasi ya kughushi, Kanada hukufungia kuomba kwa miaka mitano.

Na ripoti ina umri wake: miaka mitano. Mtihani wa lugha miaka miwili. Vyeti havichachi, ila karatasi zinazovisemea huchacha, kwa hiyo anayekimbilia kuvihakiki halafu akakaa kusubiri nauli hujikuta anaanza upya.

Nauli, eti. Mtu mmoja peke yake anatakiwa kuonyesha akiba ya zaidi ya dola 15,000 za Kanada za kuanzia maisha, kama hana kibali cha kufanya kazi kule pamoja na kazi inayomngoja. Hilo nalo halikuwa kwenye karatasi ya daftari.

Niwaambie kitu kinachoihusu SUA. Shahada ya udaktari wa mifugo, ambayo nchi hii karibu yote huihusisha na chuo chetu hapa chini ya mlima, haihesabiwi Kanada kama digrii ya kawaida mradi ripoti iitambue kuwa ni shahada ya taaluma yenye leseni. Hapo inakaa ngazi moja na masters: 23 mlangoni, 135 bwawani. Udaktari wa binadamu, ufamasia na sheria ziko kundi hilohilo. Kwa hiyo kuna vijana hapa Morogoro wanaotafuta masters ya kuongezea pointi, na pointi hizo wanazo tayari.

Lakini, na hapa ndipo wengi wanapoumia, pointi ni za kuingia nchini. Ruhusa ya kutibu hata mbuzi hutoka kwingine. Daktari wa mifugo akishashuka uwanja wa ndege anakutana na bodi ya mitihani ya chama cha madaktari wa mifugo cha Kanada, mitihani ya hatua kadhaa, na leseni ya jimbo. Muuguzi ana bodi yake. Mhandisi ana yake. Serikali iliyokupa pointi 135 kwa sababu ya taaluma yako siyo inayokuruhusu kuifanya, na hao wawili hawaulizani. Ndiyo maana tuna watu wenye digrii mbili wanaobeba boksi, na neno hilo kubeba boksi tumelitunga sisi wenyewe kwa sababu tulikuwa na habari ya kusimulia. Ubaya siuoni katika boksi. Boksi limejenga nyumba nyingi kuanzia Bigwa hadi Mkundi. Ubaya ni kumwambia kijana anakwenda kuwa daktari.

Sasa nishuke gerejini. Hapa Mwembesongo kuna mchomeleaji mmoja, ufundi alifundishwa na mjomba wake, na geti analolichomelea halina haja ya kupigwa randa. Shule aliishia la saba. Kwenye jedwali la elimu ana sifuri. Kanada wana mpango wa mafundi usiodai elimu, ila unadai uzoefu wa miaka miwili, Kiingereza cha wastani, na ama kazi uliyokwisha kuahidiwa ama cheti cha ufundi cha jimbo la kule. Australia humpa pointi 10 fundi ambaye cheti chake kimetambuliwa, na mwenye digrii 15, tofauti ndogo kuliko watu wanavyodhani. Lakini kote huko lazima pawe na cheti cha kutambua. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: fundi anapimwa kwa kazi, anafundishwa palipopungua, anapewa cheti. Nilimwambia mchomeleaji wetu. Akaniuliza kama hicho cheti kitamsaidia kupata tenda za halmashauri. Nikamjibu kwamba hapo huenda kikamfaa mapema kuliko Australia. Akasema basi atakwenda.

Kwingine nitapita haraka. Uingereza hutaka pointi 70, na digrii peke yake haina pointi hata moja. Pointi hutoka kwenye kazi uliyoahidiwa na mwajiri mwenye kibali, ngazi ya kazi hiyo, mshahara na Kiingereza. Mwenye uzamivu ndiye anayeongezewa, 10 au 20 kutegemea fani. Tangu Julai 2025 kazi yenyewe, isipokuwa chache zilizoorodheshwa, lazima iwe ya ngazi ya digrii, mshahara wa kawaida usipungue pauni 41,700 kwa mwaka, na kazi ya kulea wazee, iliyowapokea wengi wetu, imefungiwa waajiriwa wapya kutoka nje. Ujerumani tangu Juni 2024 wana kadi yao ya kutafutia kazi, pointi 6 zinatosha, na hawadharau ufundi: mafunzo ya miaka miwili yanayotambuliwa na nchi yako yanatosha kukuweka kwenye foleni, pamoja na akiba ya zaidi ya euro 13,000. Wakenya walisaini makubaliano nao Berlin mwezi Septemba 2024. Ghuba hakuna pointi, kuna kafili, yaani mwajiri anayekudhamini. Hiyo ni habari ya siku nyingine, na ina machozi yake.

Ila kabla hatujapanda ndege. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutumika Julai 2010, na kutambuliana sifa za kielimu kumo ndani yake. Wahasibu walikubaliana mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012, madaktari wa mifugo mwaka 2016. Daktari wa ng'ombe kutoka Morogoro ana njia ya kutambuliwa Kigali au Kampala bila bwawa wala IELTS. Katika siku zangu tatu niliwauliza vijana saba wa mtaani kwetu kama wamewahi kuisikia habari hiyo. Hakuna hata mmoja. Wote saba walijua pointi za Kanada, ingawa walizijua vibaya.

Kijana alirudi siku ya nne. Nikampa karatasi yangu, nayo nilikuwa nimeichana daftarini. Kazi haachi. Masters ameiahirisha. Anakwenda Dar kwa treni ya umeme siku za Jumamosi, kuna darasa la Kiingereza amejiunga nalo. Nikamkumbusha kwamba deni la Bodi ya Mikopo halifutiki kwa kupanda ndege. Akasema, "Najua mzee, wananikata asilimia 15 kila mwezi, nitalisahau vipi?" Ile nusu ya fedha aliyompa mtu wa stendi, ameifuata mara mbili. Simu haipokelewi.

Nina ombi moja kwenu. Leo usiku, kabla hamjalala, fungueni sanduku. Toeni cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA, cheti cha chuo, kitambulisho cha NIDA na pasi ya kusafiria kama mnayo, mvipange kitandani. Someni jina herufi kwa herufi. Mohamed mwenye m moja katikati, Mohammed mwenye mbili na Muhammad mwenye u ni watu watatu machoni pa mhakiki, na jina la tatu lililoachwa kwenye cheti kimoja huzaa maswali ya miezi. Kama yanatofautiana, nendeni kwa wakili au RITA mkarekebishe sasa, wakati hamna haraka. Bahasha ya kijana wetu niliifungua mwenyewe: kwenye cheti cha kidato cha nne, jina la baba yake limekosa herufi moja.

Wiki ijayo saa kama hii. Kwaherini.